Sura ya Tano: Maji Yanaponuka

Tangi la samaki wa dhahabu lenye afya halikosi harufu kabisa. Ukifunua mfuniko na kuinamisha pua, unapata harufu hafifu ya udongo uliolowa, ileile inayopanda kutoka shamba la migomba matone ya kwanza ya mvua yanapogonga ardhi. Kwa mkazi wa Kyimo, wilayani Rungwe, hiyo ni harufu ya kila siku, maana Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi zaidi nchini. Inatokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni na baadhi ya mwani wa majini, na pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno kwenye lita nzima ya maji. Hiyo iache ilivyo.

Harufu ya yai viza ni habari nyingine. Ingiza kidole taratibu kwenye changarawe, pale ambapo maji hayatembei: nyuma ya jiwe kubwa, au kwenye kona iliyo mbali na pampu. Vipovu vikipanda na harufu hiyo ikakufikia, kitoe kidole ukitazame. Utakuta kimepakwa tope jeusi. Chini kule oksijeni imekwisha, na wamebaki bakteria wanaoishi bila hewa, ambao taka yao ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo sana. Inapopanda polepole kwenye maji yenye oksijeni huharibika kabla ya kuleta madhara. Hatari inakuja pale mtu anapoamua kufanya usafi mkubwa siku moja, akaichimbua changarawe yote huku samaki wamo ndani. Tope la aina hiyo huondolewa kwa vipande. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, uuchomeke kwenye changarawe, uvute maji yashuke hadi kwenye ndoo iliyo sakafuni, na wiki hii safisha robo ya sakafu ya tangi, wiki ijayo robo nyingine. Kisha punguza kina: changarawe ya sentimita mbili inatosha. Wanaojaza sentimita saba au nane kwa ajili ya urembo wanajitengenezea jalala ambalo mkono haufiki.

Harufu ya mafuta yaliyochacha mara nyingi hutoka kwenye kopo la chakula. Chakula cha punje cha samaki kina mafuta ndani yake, na unyevu wa hapa Rungwe hauna huruma: mfuko ukiachwa wazi kwenye dirisha la jikoni, baada ya muda punje zinalainika, mafuta yanachacha, na ukungu unaanza. Nunua kidogo, tia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, weka mbali na jiko. Harufu ya uozo mtupu, ile inayomfanya mgeni asogeze kiti, maana yake kuna mwili umefia mahali: samaki aliyekwama nyuma ya pampu, au konokono aliyebaki ndani ya gamba lake. Mtafute leo leo. Na ukiona utando wa mafuta unaong'aa juu ya maji, tandaza karatasi nyeupe isiyo na maandishi juu ya uso wa maji, iache ishike, kisha iburute taratibu hadi ukingoni na kuitoa. Utando unaondoka nayo. Hata hivyo utarudi ikiwa maji hayachezi, kwa hiyo inua mdomo wa pampu upasue uso wa maji.

Jambo ninaloomba lisifanywe kamwe ni kufunika harufu. Kupulizia marashi sebuleni ni kosa dogo. Kupulizia dawa ya mbu ni kosa la kuua. Dawa nyingi za kuua wadudu zimetengenezwa kwa kufuata kemikali ya maua ya pareto, zao ambalo watu wa Nyanda za Juu Kusini wanalijua vizuri. Mtu na ng'ombe hustahimili kemikali hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini samaki hawaistahimili. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji, hivyo kilichopuliziwa chumbani kinafika kwa samaki baada ya dakika chache. Ikiwa ni lazima kupulizia, zima pampu, funika tangi kwa kitambaa kilicholoweshwa, fungua madirisha baadaye, na uwashe pampu hewa ikishasafika.

Hayo yote pua inayaona. Ila kinachoua samaki wengi zaidi wa dhahabu pua haikioni, na hili ndilo ningependa kila mwenye tangi alishike kuliko mengine yote katika kitabu hiki. Samaki hutoa amonia saa zote, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kinapooza hutoa amonia zaidi. Tunaijua harufu ya amonia kutoka kwenye mabanda ya kuku, kwa hiyo tunadhani tutaihisi. Hatutaihisi. Kiasi kinachochoma matamvua ya samaki ni kidogo kuliko kile ambacho pua yetu inaweza kukinusa juu ya maji. Maji yanaweza kung'aa, yakakosa harufu yoyote, na bado yakawa sumu. Dalili ziko kwa samaki mwenyewe: anapanda juu kugugumia hewa, anakaa chini mapezi yameshikana na mwili, matamvua yamewiva wekundu, au anajisugua kwenye mawe.

Ukali wa amonia unategemea pia uasidi wa maji, ule unaopimwa kwa namba za pH. Katika maji ya nyuzijoto 20 yenye pH 7, katika kila sehemu 1,000 za amonia ni kama sehemu 4 tu zilizo katika umbo la sumu kali. Pandisha pH hadi 8 na sehemu hizo zinafika karibu 40. Kwenye pH 9 zinapita 250. Samaki ni walewale, chakula ni kilekile, lakini maji yamegeuka.

Anayetuokoa ni bakteria. Mwaka 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky alifanikiwa kuwatenga bakteria wanaojipatia riziki kwa kuibadilisha amonia. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: inaingia kwenye damu ya samaki, inaizuia kubeba oksijeni, na damu inageuka rangi ya kahawia. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wa dhahabu huivumilia kwa kiasi kikubwa, na ambayo mimea huila. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wanajishikiza kwenye sponji ya chujio, juu ya changarawe, kwenye kuta za kioo, popote penye uso wa kukalia na maji yenye oksijeni yanayopita. Kwenye tangi jipya huchukua wiki kadhaa kujaa, kwa kawaida nne hadi nane, na kwa baridi zetu ni bora kuhesabu upande wa nane. Ndiyo maana samaki wengi hufa mwezi wa kwanza, wakati kila kitu bado ni kipya na kinang'aa.

Sasa fikiria kinachotokea harufu inapoanza. Mwenye nyumba anakasirika, anamwaga maji yote, anaikamua sponji chini ya bomba, anaisugua changarawe kwa sabuni, anakichovya kioo kwenye maji ya dawa ya madoa. Tangi linarudi linameta. Siku tatu baadaye samaki wamelala ubavu. Alichokiosha ni wale bakteria. Amonia haina tena wa kuibadilisha, na tangi limerudi siku yake ya kwanza likiwa na samaki wakubwa wanaokula sawasawa. Sponji huoshwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, inakamuliwa mara mbili tatu hadi tope kubwa litoke, na inarudishwa ikiwa bado ina rangi ya chai. Usiitafutie weupe.

Hapa Rungwe tuna bahati ambayo mfugaji wa samaki wa mapambo wa mji mwingine angeilipia. Miaka ipatayo 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulilipuka na kufunika eneo kubwa kwa mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu vingi, ambayo akina mama huyatumia kusugulia visigino. Jiwe lile kwa ndani ni vyumba juu ya vyumba, na kila chumba ni makazi ya bakteria. Okota mawe yenye ukubwa wa ndizi mbivu au madogo zaidi, yachague mbali na mashamba yaliyopigwa dawa na mbali na mitaro ya barabarani, yasugue kwa brashi bila sabuni, yachemshe, kisha yaloweke kwa siku kadhaa ukibadilisha maji hadi yaache kutoa vumbi la kijivu. Mengine yataelea mwanzoni. Yakishajaa maji mengi yao huzama, na yanayokataa yabane kwa changarawe nzito. Yapange ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa, pitisha mpira wa pampu ya hewa chini yake, na umepata chujio ambalo halikudai fedha ya kigeni.

Maji yenyewe yanahitaji kujuliwa kwa asili yake. Nyumba nyingi za Kyimo, kando ya ile barabara ya kutoka Uyole kwenda Kasumulu, hupata maji kwa njia zaidi ya moja: ya bati, ya bomba, ya chemchemi. Kwa jicho yanafanana, kwa samaki hayafanani.

Maji ya mvua ni matamu kunywa lakini ni matupu. Hayana chokaa, na chokaa ndiyo inayozuia pH isiyumbe. Bakteria wanapoibadilisha amonia hutoa asidi, na katika maji yenye chokaa asidi hiyo humezwa. Katika maji ya bati haina wa kuimeza, hivyo pH inashuka wiki hadi wiki. Ikipita chini ya 6, bakteria wenyewe wanazubaa, amonia inarundikana, na tangi linaanza kutoa harufu nzito isiyo na chanzo kinachoonekana. Tiba ni rahisi. Chemsha maganda ya mayai, ondoa ule utando mwembamba wa ndani, yakaushe, yatwange, yatie kwenye kifuko cha kitambaa na kukining'iniza karibu na mkondo wa chujio. Maji yenye asidi huyayeyusha maganda polepole, na kadiri asidi inavyopungua ndivyo kuyeyuka kunavyopungua. Wapo wanaoshauri magadi. Nakataa. Magadi hupandisha pH ghafla, na tumekwisha kuona amonia inavyogeuka pH inapopanda. Tangi lililochoka likitiwa magadi usiku, asubuhi unakuta msiba. Na maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, kwa sababu yanaosha bati na vinyesi vya ndege.

Maji ya bomba yakiwa yametiwa klorini, klorini hiyo inaunguza matamvua na kuwaua bakteria kwa pamoja. Yaweke kwenye ndoo pana isiyo na mfuniko kwa siku moja na usiku wake, na ukiweza tia ndani jiwe la hewa. Kwa sababu hiyohiyo ndoo ya maji ya kunywa yaliyotiwa dawa ya klorini ya WaterGuard isichotwe kwa ajili ya samaki, na watoto waambiwe mapema, maana wao ndio hupenda kusaidia.

Chemchemi ndiyo inayowashangaza watu. Ardhi ya Rungwe inapumua kabonidioksaidi. Gesi hiyo ni nyingi kiasi kwamba kampuni ya TOL Gases imekuwa ikiivuna kutoka ardhini wilayani humu kwa matumizi ya viwanda. Zipo chemchemi zinazotoa vipovu, na katika mabonde ya ardhi ya namna hii, kama kule karibu na Goma, Kongo, ambako huitwa mazuku, gesi hujikusanya chini na kuua wanyama wadogo bila kutoa harufu yoyote. Maji ya chemchemi ya namna hiyo yanaweza kuwa maangavu na ya baridi safi, kumbe yamejaa kabonidioksaidi na yana oksijeni haba. Samaki akitiwa humo anapanda juu kuhema, na mwenye tangi anaapa kwamba maji ni masafi, na kwa kweli ni masafi. Dawa ni hewa na muda: yachezeshe kwa jiwe la hewa usiku mzima, au yamimine kutoka ndoo moja hadi nyingine kutoka juu, tena na tena. Chota gilasi moja kabla na nyingine baada ya hapo. Kwenye ile ya kwanza vipovu vidogo hujipanga kwenye kuta za gilasi.

Gesi hiyohiyo ina kisa kingine, kinachowahusu wanaoagiza samaki kutoka Dar es Salaam. Safari ni zaidi ya kilomita 800. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki anapumua, kabonidioksaidi inaongezeka, pH inashuka, na amonia aliyoitoa njia nzima inabaki katika umbo lisilo kali. Mfuko ukifunguliwa, gesi inatoroka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo ule utaratibu wa kufungua mfuko na kuongeza kikombe kimoja kimoja cha maji kwa saa nzima haufai baada ya safari ndefu. Uache mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa hadi joto lilingane na la tangi, ufungue, mtoe samaki kwa wavu mara moja, mwingize kwenye maji mapya. Maji ya mfuko yasiingie kwenye tangi hata tone.

Hali ya hewa ya Kyimo inampenda samaki huyu. Wachina waliomfuga tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walimtoa kwenye jamii ya samaki wa maji baridi, naye hahitaji hita kama samaki wa pwani. Maji baridi pia hushika oksijeni zaidi, ingawa mwinuko wetu unatunyang'anya sehemu yake, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Tatizo la baridi ya Juni na Julai liko kwa bakteria: wanapunguza kasi, na utumbo wa samaki nao unapunguza kasi. Ukiendelea kulisha kama Novemba, chakula kinaoza sakafuni. Miezi hiyo punguza kipimo kwa nusu au zaidi, na siku ya baridi kali usilishe kabisa.

Umeme ukikatika, chujio linasimama, na bakteria waliozoea maji yenye oksijeni wanaanza kufa baada ya saa chache. Umeme ukirudi, chujio lililofungwa pande zote linasukuma maji yaliyooza moja kwa moja kwa samaki. Lifungue kwanza, mwaga maji yaliyotuama ndani yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Wakati wa giza, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda.

Samaki huyu ni mvumilivu mno, na uvumilivu wake unatudanganya. Mwaka 2017 watafiti wa Oslo na Liverpool walieleza jinsi samaki wa dhahabu na jamaa zake wa karibu wanavyoweza kuishi oksijeni ikiwa imekwisha, kwa kuigeuza asidi ya mwilini kuwa pombe na kuitoa kupitia matamvua. Kiumbe anayeweza hayo atakaa miezi kwenye bakuli bovu bila kulalamika. Akitunzwa hufikisha miaka kumi na kuzidi, na yule wa umbo la kawaida hufikia sentimita 20 au 30. Uingereza aliwahi kuwepo mmoja, Tish, aliyefikisha miaka 43. Ndani ya bakuli la lita tano taka yake inageuka sumu kabla bakteria hawajapata pa kukaa. Anza na lita 75 kwa mmoja, na bora zaidi tangi refu kuliko la kimo, kwa kuwa oksijeni huingilia kwenye uso wa maji.

Hana tumbo la kuhifadhia chakula. Kinapita moja kwa moja, ndiyo sababu anaonekana ana njaa saa zote na anachafua kuliko umbo lake. Kipimo ni kile anachomaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Ugali, mkate na wali havifai. Vinavimba, vinavunjika, vinajaa kwenye changarawe. Njegere, ambazo nyanda zetu hazipungukiwi, zichemshwe, zimenywe ganda, zipondwe kidogo. Mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto ataupenda.

Kila wiki toa robo ya maji na kurudisha maji yaliyolala, yenye joto linalokaribiana na la tangi. Tangi likinuka leo, toa theluthi leo na theluthi kesho, sitisha chakula kwa siku mbili, vuta tope la sehemu moja, tafuta mzoga. Harufu huisha kabla ya wiki. Ukipata vipimo vya matone, amonia na nitriti zisomeke sifuri. Ukikosa, hesabu pumzi: samaki anayepumua haraka kuliko jana amekwambia jambo.

Maji yaliyotolewa yana nitreti, chakula cha mmea. Yamwage kwenye shina la mgomba. Yasielekezwe kwenye kijito, na samaki mwenyewe asipelekwe mtoni hata mtoto akilia. Mito ya huku, Kiwira na Mbaka, humwaga maji Ziwa Nyasa, lenye mamia ya spishi za samaki ambazo karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Samaki wa dhahabu akifika kwenye maji ya wazi hukua, huchimbua tope, hula mayai ya wengine, na hubeba magonjwa ya tangini. Nchi kama Marekani na Australia zimekuwa zikihangaika kuwatoa kwenye maziwa na mito yao. Aliyeshindwa kumtunza ampe jirani mwenye tangi kubwa, au shule yenye bwawa lisilo na njia ya kutokea.